Mungu hana komisioneri: imani inayobaki wakati kambi zimevunjwa

GOMA – Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi za wahami zilizouzunguka mji wa Goma zilimalizika kwa siku chache tu. Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya: mamia ya maelfu ya watu walikunja shitingi, wakafunga vyungu na magodoro, wakatoka. Wengine walishika barabara ya Rutshuru, wengine ya Sake na Masisi, wengine wakaingia ndani ya mji kutafuta familia ya kuwapokea. Pamoja na vibanda, yalianguka pia makanisa madogo ya miti na shitingi ambamo watu walikuwa wakisali tangu walipokimbia vita. Makanisa hayo hayakuwa na mshahara wa mchungaji wala karatasi ya serikali. Yalikuwa na ngoma, kikapu cha matoleo, mawe ya volkano ya kukalia, na korali ya watu ambao kabla ya vita hawakuwa wanajuana.

Tangu wakati huo swali moja linazunguka katika familia nyingi, huko Goma na kwa wale waliorudi vijijini. Kanisa la kijiji liliachwa nyuma, kanisa la kambi limevunjwa, mchungaji amekimbilia upande mwingine na namba yake ya simu haipiti. Basi imani inabaki wapi?

Inabaki pale ilipopaswa kukaa tangu mwanzo, yaani kati ya mtu mwenyewe na Mungu wake. Neno hilo linaweza kusikika kama faraja ya kawaida ya mahubiri ya Jumapili, lakini ndani yake kuna jambo zito. Mhami anayelielewa anaweza kuokoa akili yake, nyumba yake, na hata makuta machache aliyo nayo mfukoni. Asiyelielewa atakutana njiani na watu wanaomngoja ili wamuuzie Mungu.

Huko Kivu, mtu kuzaliwa ni karibu sawa na kuandikwa kanisani. Huyu ni Mkatoliki kwa sababu babu yake alibatizwa na mapadiri wazungu, yule ni wa CBCA, mwingine wa CEPAC, mwingine Mwadventista, mwingine Mkimbangu. Dini inakuja pamoja na ukoo na kijiji. Siku za amani hilo halimsumbui mtu. Kengele inalia, watu wanakwenda. Mtoto anapata ubatizo, kijana anafunga ndoa, mzee anazikwa, na mambo yote yameandikwa katika kitabu cha parokia. Lakini vita vikija, kitabu kinabaki kwenye kabati. Mtu anajikuta chini ya mti kule Kibati, usiku, mvua inanyesha, na hana mwingine wa kumwombea. Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba walikuwa wanamjua Mungu wa baba yao, Mungu wa korali, Mungu wa sikukuu, lakini wao wenyewe hawajawahi kuongea naye hata dakika tano.

Wakaaji wa Goma walilionja jambo hilo hata kabla ya vita hivi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake mpaka katikati ya mji, na kanisa kuu la Wakatoliki likaharibiwa pamoja na nyumba nyingi na maduka. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena upande wa Nyiragongo, watu wakatembea usiku kwenda Sake na ng'ambo ya mpaka. Mji uliojengwa juu ya mawe ya moto unajua vizuri kwamba jengo si kitu cha kutegemea. Na bado watu waliendelea kusali, kwanza nje, kisha chini ya mabati.

Kwa yule anayeanza kuongea na Mungu mwenyewe, jambo la kwanza linalotoka kinywani mara nyingi si sifa. Ni malalamiko. Mbona umeniacha? Mtoto wangu alikosa nini? Na hapa ndipo wahami wengi wanapofungwa mdomo na ndugu zao wenyewe wa kanisa. Wanaambiwa, "Usimlaumu Mungu, utajiletea laana." Mama aliyempoteza mtoto anaambiwa aseme haleluya kabla hajamaliza kulia. Huo ni ukatili, hata kama umevaa nguo za dini.

Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Katika Zaburi 150, sehemu kubwa ni vilio vya watu wenye hasira, wenye woga, wenye kumuuliza Mungu atalala mpaka lini. Ayubu alilalamika kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu aliwakemea wale marafiki waliokuwa wanajifanya kumtetea. Naomi alikimbia njaa ya Bethlehemu, akampoteza mume na watoto wawili wa kiume katika nchi ya ugeni. Aliporudi aliwaambia wanawake wa kwao wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa sababu maisha yake yamekuwa machungu. Hakuna anayemkanya katika habari hiyo. Hakuna mchungaji anayetokea kumwambia imani yake ni ndogo. Mama wa Kitshanga au wa Bambo aliyerudi kijijini akakuta ukuta mmoja tu wa nyumba yake umesimama, huyo anamjua Naomi kuliko mwalimu wa shule ya Biblia.

Malalamiko ni mazungumzo. Mtu hamlalamikii asiyekuwepo. Yule aliyekata tamaa kabisa na Mungu hana hata hasira naye, amenyamaza tu. Ndiyo maana wale wanaosema, "Nilimlilia Mungu kwa uchungu usiku kucha, asubuhi nikasikia moyo umepata hewa," hawapaswi kuchekwa. Hakuna kilichobadilika nje. Mabomu yalikuwa bado yanasikika, bido la maji lilikuwa bado tupu. Lakini mtu alikuwa amesema kweli yake yote mbele ya mmoja asiyetoroka. Kwa wengi imani mpya ilianzia hapo, na walikuwa hawajapata jibu lolote.

Maana jibu, mara nyingi, halipo. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka juu ya wahami kule Mugunga na Lushagala, magharibi mwa Goma, yakaua watu, wakiwemo watoto wengi. Moja ya maeneo hayo lilikuwa linabeba jina la kanisa, 8e CEPAC. Mbona Mungu hakuzuia? Mwenye jibu la haraka kwa swali hilo aogopwe. Atasema ilikuwa adhabu, au ilikuwa mpango, au marehemu hawakuwa wameomba vya kutosha. Wazazi waliozika watoto wao juma lile hawakuhitaji maelezo. Walihitaji mtu wa kukaa nao chini. Na baadhi yao wamesema, kwa maneno yao, kwamba ndivyo walivyomsikia Mungu, kama mgeni wa matanga anayekaa kimya kando yako na haondoki mapema.

Kuna habari nyingine ambayo ingefaa isomwe mara nyingi zaidi kwa wahami, ni ile ya Hajiri katika kitabu cha Mwanzo. Alikuwa mtumwa, mgeni kutoka Misri, mwenye mimba ambayo si yeye aliyeipanga. Abramu na Sarai wanapomtaja katika habari hiyo wanamwita mjakazi tu. Alipotorokea jangwani, malaika wa Bwana alimwita kwa jina lake, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ni maswali yale yale mhami anayoulizwa kwenye kila kizuizi cha barabara, lakini safari hii anayeuliza anataka kweli kujua. Na yule mwanamke, ambaye hakuwa na cheo wala kabila la kumlinda, akampa Mungu jina: Mungu anayeniona.

Mtu aliyeishi kambini anajua uzito wa habari hiyo. Kwenye orodha ya msaada yeye ni namba ya jetoni. Katika ripoti yeye ni kaya, familia ya watu sita, au mtu mwenye kuhitaji. Wafanyakazi wa misaada wanabadilika kila miezi mitatu, kila mmoja anakuja na karatasi mpya na maswali yale yale. Hakuna kosa katika kuhesabu watu, bila hesabu mahindi na mafuta hayafiki. Lakini binadamu hawezi kuishi miaka mitatu akiwa hesabu. Anapoanza kuamini kwamba yuko mmoja anayemwona yeye, kwa jina lake, pamoja na lile jambo ambalo hakumwambia hata mume wake, mgongo wake unanyooka kidogo. Anaoga. Anamchana mtoto nywele. Anakwenda kumsalimia jirani mgonjwa. Tumaini katika kambi lilionekana namna hiyo, kwa mambo madogo ambayo hakuna kamera inayapiga picha.

Sasa wauzaji. Kila mtu anayetafuta nyumba ya kupanga huko Goma anamjua komisioneri. Huyu hana nyumba, lakini bila yeye huwezi kumfikia mwenye nyumba. Unamlipa kwa kuonyeshwa mlango, unamlipa tena kwa kuletwa kwa mwenyewe, na siku nyingine unakuta nyumba ilikuwa na mtu tayari. Wamezuka makomisioneri wa aina hiyo katika mambo ya Mungu, na vita vimewapa wateja wengi. Wanafungua chumba cha sala kando ya barabara, wanajiita nabii, mtumishi, baba wa kiroho. Mhami anaingia na swali moja: mume wangu aliyebaki Masisi, je, yuko hai? Nabii anamwambia anamwona, yuko hai, lakini amefungwa na roho mbaya, na ili afunguliwe inahitajika mbegu. Mbegu maana yake ni pesa. Mama anatoa pesa aliyokuwa amepewa ya unga. Juma lijalo inahitajika mbegu nyingine, kisha mafuta ya upako, kisha chupa ya maji iliyoombewa, nayo inauzwa kuliko soda.

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha katika makanisa makubwa, labda kwa sababu baadhi yao nayo yana tabia zinazokaribia hizo, hata kama yana kuta za matofali. Waumini masikini wanaambiwa kwamba baraka inafuata ukubwa wa bahasha. Matokeo yake ni watu wanaofikiri Mungu ni ofisi, na kila ofisi ina mtu wa kupaka mkono mafuta. Mtu wa namna hiyo akikosa pesa anaamini amekosa Mungu. Ni hasara mbili kwa siku moja.

Mwenye uhusiano wake mwenyewe na Mungu anaweza kumsikiliza mchungaji, akampenda, akamsaidia pia kwa mfuko wa maharagi akiwa nao. Lakini hawezi kutekwa naye. Akiambiwa Mungu amesema jambo fulani juu yake, ana ujasiri wa kujibu, "Asante, baba mchungaji, nami nitamuuliza." Jibu dogo hilo linatosha kufunga biashara nyingi.

Hatari kubwa zaidi inawapata wagonjwa. Kuna wanaoambiwa waache vidonge vya kifua kikuu au vya ukimwi ili waonyeshe imani. Kuna wazazi wanaoshauriwa kumfungisha mtoto ambaye tayari anatibiwa utapiamlo. Na kuna wanawake na wasichana waliobakwa. Wakati wa kambi, wengi walikutwa na maovu hayo walipokwenda kutafuta kuni na makala upande wa hifadhi ya Virunga, na madaktari wa Médecins Sans Frontières waliwatibu wengi sana kandokando ya Goma. Mwanamke aliyebakwa akifika hospitalini ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Akipitisha saa hizo 72 kwenye chumba cha sala, akitolewa pepo wa aibu ambayo si yake, nafasi hiyo imepotea. Kila mchungaji, kila katekista, kila mama kiongozi wa sala angepaswa kuijua namba hiyo 72 kama anavyojua siku ya Pasaka.

Mtu akisema kwamba kupeleka mgonjwa hospitalini ni kukosa imani, na aangalie Bukavu. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwa nini baba hatoi dawa. Baba alimweleza kwamba yeye si daktari. Hapo mtoto akaamua kwamba baba ataomba, na yeye atatoa dawa. Wanawake maelfu wa Kivu ya Kusini na Kaskazini wamepata uponyaji kupitia uamuzi ule wa mtoto. Maombi na dawa vilikaa katika nyumba moja bila kugombana.

Biblia pia inajua hilo. Eliya nabii, alipokuwa anakimbia kuuawa, alilala chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamletea mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, tumbo likiwa na kitu. Kwa hiyo mfanyakazi wa misaada anayepakua mahindi, muuguzi, mama anayempikia jirani sombe, na wale dada wa nyumba za kusikiliza wanaokaa na wenye majeraha ya moyo, wote hao wanaweza kuwa wanafanya kazi ya yule malaika, hata kama hawatamki neno la Mungu.

Wako wanaosema, hasa vijana waliosoma, kwamba mambo haya yote ya uhusiano na Mungu ni kidonge cha usingizi. Wakongo wanasali sana, wanasema, na nchi inazidi kuanguka. Wakati wengine wanapora madini, raia wanafumba macho na kuimba. Lawama hiyo ina kweli ndani yake na haifai kutupwa. Imani inayomfundisha mtu kungoja tu, na kumwita kila anayedai haki mwasi, inawafaa sana wale wanaokula jasho la wengine.

Lakini Goma ina jibu lake, na jibu hilo lina jina. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida, kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliyewasaidia watoto wa barabarani, wale mji unaowaita maibobo, wapate kusoma. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, OCC, mpakani. Ulipofika mzigo wa chakula kilichoharibika, alikataa kuupitisha. Alipewa hongo, akakataa. Alitishwa, akakataa. Mwezi wa saba mwaka 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Chakula kile kingeliwa na nani? Si na wenye magari. Kingeuzwa kwa bei ya chini sokoni, kingefika kwenye sahani za masikini wa Goma, na labda za wahami. Hakuna aliyekuwa anamtazama Floribert siku ile. Hakuna korali, hakuna kanisa limejaa. Angeweza kupiga muhuri, akachukua pesa, na Jumapili akakaa benchi la mbele kama watu wengine wengi. Alichokuwa nacho ni dhamiri iliyozoea kuongea na Mungu peke yake. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana kwenye uwanja wa Mashahidi kule Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Siku ile mji wake ulikuwa mikononi mwa M23, na wengi wa waliomjua walifuata habari kwa simu na redio. Anayesema sala inalaza watu usingizi, amweleze basi kijana huyu alilala wapi.

Juu ya kusamehe, inafaa kusema kidogo tu, kwa sababu wengi wanasema sana na vibaya. Mhami anaambiwa samehe, samehe, Mungu anataka, kabla mtu yeyote hajamuuliza ni nini kilitokea. Tarehe 1 Februari 2023, baada ya safari ya Papa kwenda Goma kufutwa, watu waliojeruhiwa na vita vya mashariki walisafiri kukutana naye Kinshasa. Walisimulia kwanza. Walisema waziwazi waliyotendewa, mengine hayafai hata kurudiwa redioni. Waliweka chini ya msalaba silaha kama zile zilizotumika juu ya ndugu zao. Ndipo wakatamka kwamba wanataka kusamehe. Kusema ukweli kulitangulia. Anayeruka hatua hiyo anafunika kidonda chenye usaha kwa kitambaa kizuri. Na haki ya mahakama haifutwi na msamaha wa moyo. Mtu anaweza kumwachia Mungu chuki yake na bado akataka mwuaji ashitakiwe.

Waislamu wa Birere na wa vijiji vya Maniema wana njia yao katika hili, na haiko mbali. Mtu amemaliza swala pamoja na wengine, kisha anabaki amekaa, anafungua mikono na kuomba dua kwa lugha yake, juu ya mambo yake. Mwenye kuwasikia mama hawa wawili, wa msikitini na wa kanisani, wakiwa kwenye foleni moja ya maji, atakuta wanamwambia Mungu maneno yanayofanana: alinde watoto, awaonyeshe njia, awarudishe nyumbani.

Na namna ya kuanza? Haihitaji chumba, haihitaji kipaza sauti. Wahami wengi wamejifunza kusali wakati wanatembea, wanapopanda na bido mgongoni, wanaposubiri moto ushike. Maneno machache, kwa Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Mashi, au Kiswahili cha nyumbani. Lugha ya kulilia ndiyo lugha nzuri ya kusalia. Asiyejua kusoma hakosi kitu, kwa sababu kuna wazee wanaoikumbuka habari ya Hajiri au ya Yosefu bila kitabu na wanaisimulia vizuri kuliko kanda. Familia iliyojibana katika chumba kimoja cha kukopeshwa inaweza kuchukua dakika chache jioni, kila mmoja akasema jambo moja lililomuumiza na jambo moja la kushukuru. Watoto wasioweza kulala kwa kuogopa milio ya silaha husikia kwamba hata baba anaogopa, na kwamba kuna mahali anapopeleka woga wake.

Hilo la baba lina maana. Wanaume wa kambini waliumia kwa namna yao. Aliyekuwa na ng'ombe na shamba alikaa miaka akimngoja mke wake alete unga kwa kubeba mizigo ya watu. Wengi walikimbilia kasiksi na hasira, na watoto ndio waliolipa. Kanisani wanaume hawa hawaonekani sana, wanaona haya kuingia bila viatu. Lakini Mungu wa Hajiri hatazami viatu, na yawezekana kazi kubwa ya wachungaji na makatekista wakati huu ni kwenda kuwasalimia huko walipo, bila kikapu cha matoleo mkononi.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 maaskofu wa CENCO na wakubwa wa ECC walibeba pamoja mpango wao wa amani, wakazungumza na pande zote, wakafika hata Goma iliyokuwa imetekwa. Wengine waliwasifu, wengine waliwatukana. Iwe itafanikiwa au la, mikutano ya wakubwa ina saa zake, na mhami hawezi kuacha moyo wake ukingoje kikao cha Doha au cha Washington ndipo upate kupumua.

Wale waliorudi Rutshuru na Masisi walifika wakati wa kupanda maharagi ya msimu wa pili. Wengi walikuta vichaka mahali palipokuwa mashamba, mipaka imepotea, jembe hakuna. Wako waliokopa mbegu kwa majirani kwa kuahidi kurudisha mara mbili wakati wa mavuno, bila kujua kama watakuwa bado hapo mwezi wa sita. Kwenye vilima hivyo, asubuhi kabla ya kuinama, watu wengine husimama kidogo ukingoni mwa shamba, mkono mmoja juu ya mpini, na midomo yao inacheza bila sauti. Kisha wanaanza kulima.